Matembezi ya mtaa kwa mtaa Mombasa: Mji wa Kale si lazima, Majengo usikose

Kila nikiweka picha za haya matembezi ya Jumapili naulizwa maswali yaleyale, ni bei gani, kuna usalama, ni ya watalii ama ni ya nani, kwa hivyo wacha niandike mara moja. Nazungumzia lile kundi ambalo mkikaa barazani Bondeni ama Kuze Jumapili asubuhi mwaliona likipita, watu kama thelathini wamevaa raba, kina mama na mabuibui yao, vijana wa chuo, mzee mmoja na mkongojo, na mbele yao kijana ameshika spika kidogo inakoroma kuliko inavyoongea. Jina hawajajipa mpaka leo, kwa WhatsApp grupu laitwa Matembezi basi.

Jibu langu: yafaa, na pesa wanayochukua ni halali yao. Lakini watu wengi waenda ile ya Mji wa Kale manake ndio yenye milango ya kupiga picha, wakishapiga hawarudi tena, na ile kwa maoni yangu ndio dhaifu kuliko zote. Utamu wenyewe uko kwa mitaa ambayo hakuna mtu ashawahi kukwambia nenda ukatembee.

Utaratibu wao ni hivi. Jumapili mbili kwa mwezi, mtaa mmoja kila mara, mnaanza saa moja asubuhi (wasema wao, ntarudi hapo) na saa tatu na nusu mko mnakunywa chai, kabla jua halijawa jua. Mia mbili kwa mtu mzima, watoto bure, na sehemu ya hio pesa anapewa mwenyeji wa mtaa. Hapo ndo penye tofauti, manake anaesimulia si yule kijana wa spika, yeye kazi yake ni kuvusha watu barabara na kuhesabu vichwa, anaesimulia ni mtu anaeishi pale, kazaliwa pale, ajua nani alihama na nani amekataa kuhama. Mtindo wenyewe si wa hapa tu, kule Toronto walianza mwaka wa 2007 kutembea hivi kumkumbuka Jane Jacobs, yule mama aliyepigania mitaa ya watu isivunjwe kupisha barabara kubwa, na siku hizi miji mingi duniani wafanya kila mwezi wa tano. Ila ile ni wikendi moja kwa mwaka. Hawa wetu wanarudi, na kurudi ndio kwanifanya niwape maksi, manake mtaa ukienda mara ya kwanza watu wanakuangalia, ukienda mara nyengine wanakusalimia, ukienda tena ndo wanakwambia mambo.

Haya, Mji wa Kale nauanza ili niumalize. Mnakutana mbele ya Fort Jesus, mnaambiwa Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji alikuwa Mtaliano Cairati, Waomani wakaizingira 1696 mpaka 1698 ndo wakaichukua, Waingereza wakaifanya jela, UNESCO wakaiingiza kwa orodha yao 2011. Yote ni kweli na yote nlifunzwa shule. Ndani hamuingii, tiketi ni kando. Alafu Ndia Kuu, milango, msikiti wa Mandhry wa 1570 na mnara wake mweupe, picha, picha, picha, mtu akitaka kutoka kwake aende dukani kununua maziwa lazima angoje watu wamalize selfi kwa ngazi yake. Mimi ningekuwa naishi pale ningemwaga maji toka juu, nasema ukweli. Na kuta zenyewe tangu ile amri ya kaunti ya 2018 ya kupaka nyeupe na buluu mtaa huu na ule unafanana, mpaka uangalie juu kwa roshani ndo uone tofauti.

Lakini kuna Jumapili walibadilisha, wakasema leo hatuangalii milango twaangalia maji, na hio wallahi ndio ilinifungua macho kwa mtaa ambao napita kila wiki. Mwenyeji alikuwa mama mmoja wa makamo, mikono mitupu, hana karatasi, akaanzia kile kisima kilichoko mbele ya Mandhry. Akatueleza kisiwa chote hiki kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, mvua ikinyesha maji yapenya yashuka chini, na kwa vile maji matamu ni mepesi yanaelea juu ya yale ya chumvi yanayoingia toka baharini, kwa hivyo ukichota kwa ndoo taratibu wapata matamu, ukitia pampu ukavuta kwa pupa wavuta na chumvi. Akasema misikiti ya zamani ilikuwa haikosi kisima na nyumba kubwa nyingi vilevile. Alafu akatushusha Leven, zile ngazi zinazoteremka mpaka majini zikipita kwa tundu la jiwe, na pale chini, bahari iko hapo hatua chache, kuna kisima cha maji baridi. Manahodha wa zamani walikuwa wakijaza maji yao hapo. Mtoto mmoja wa kike kwa kundi letu akauliza sasa mbona hatuyanywi, yule mama akacheka akaonyesha kidole juu, mabomba ya vyoo yameinamia huko huko chini, mashimo ya maji machafu kila nyumba, nani atakunywa. Saa hizi vingi ni vya kufulia na kuoshea vyombo.

Tulipopanda juu tukakutana na yule bwana wa mkokoteni wa mitungi, mitungi ya lita ishirini imepangwa kama askari gwaride, anapiga kelele simile simile, na hapo ndo somo likakamilika bila mtu kusema kitu. Maji ya mfereji yanatoka mbali huko, chemchemi za Mzima kule Tsavo kwa bomba lililojengwa miaka ya hamsini, na Baricho, na Marere, na Tiwi, na bado kuna mitaa mfereji ni pambo la ukuta. Yule bwana alisimama akatueleza bei ya mtungi ghorofa ya chini na bei ya ghorofa ya tatu, manake ngazi nazo zalipiwa. Kama wangefanya Mji wa Kale hivi kila mara ningewapa maksi zote.

Marikiti, lile soko la viungo, na Biashara Street, mtaa wa leso, ni sawa tu, yapendeza lakini ni jambo la kwenda mwenyewe na pesa zako. Marikiti iko pale tangu 1914, ukishanusa iliki na bizari ushamaliza, na Biashara Street kila mwanamke wa Mombasa aijua kuliko kiongozi yeyote, sihitaji kuonyeshwa duka la Mali ya Abdulla ambalo lauza leso tangu 1887, mamangu ndiko alikonunua za harusi yangu. Nlichopenda ni kimoja tu, walituonyesha njia ambako mwanzo wa karne iliyopita kulikuwa na reli nyembamba na vigari vinasukumwa na watu kwa mikono, abiria amekaa chini ya kipaa anaenda Kilindini, na mwenyewe anaesukuma anakimbia juani. Hebu fikiria tuktuk lakini injini ni mtu.

Sasa Majengo.

Nlijua watu watasema Majengo, asubuhi yote hio, mwatafuta nini. Mimi mwenyewe shoga yangu alighairi usiku wake. Tulianzia upande wa barabara kuu, kijana wa spika akazima spika (alhamdulillah) na tukakabidhiwa kwa bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume. Bibi hakutembea sana, magoti. Alikaa kwa baraza yake akasema ingieni kwa makundi, msiniingilie nyote nikakosa hewa. Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili tunayoijua, mlango katikati, ukumbi unanyooka toka mlangoni mpaka nyuma, vyumba huku na huku, na nyuma ua, jiko, choo, kamba za nguo. Mapaa zamani yalikuwa makuti sasa ni mabati. Chumba kimoja analala yeye, vyengine wamepanga, fundi cherehani, mwalimu wa madrasa, mama na watoto wake wawili. Nimeingia nyumba kama hizo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza ile swali mzee mmoja wa Tudor aliuliza pale, akamwambia, bibi, hii nyumba ukitaka kuuza wauza bei gani?

Bibi akamtuma mjukuu ndani akaleta kopo la biskuti, lile la bati la zamani picha imefutika nusu. Akafungua. Ndani risiti. Risiti nyembamba za kitabu cha kaboni, nyengine zimegeuka manjano, nyengine zimekatika kwa mikunjo, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka. Ni kodi ya ardhi. Nyumba ni yake, kajenga marehemu mumewe, lakini ardhi ilioko chini ya nyumba si yake na haijawahi kuwa yake, kila mwezi amlipa mwenye ardhi, na babake mumewe alimlipa babake yule. Akasema, wanangu, mimi nkiuza nauza kuta na bati, chini siuzi kitu. Alisema hivyo huku anazipanga tena risiti zake kwa mwaka wake, kidole kimelowa mate, kama mtu anaehesabu pesa taslimu, na kwa kweli ndio ulinzi wake huo, siku akija mtu kumwambia hujalipa yeye ana karatasi.

Mjukuu ndo akatoa historia, na kijana yule mashallah alikuwa amejiandaa. Mwaka wa 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi hapa Pwani, mwenye madai aje ayathibitishe apewe hati, asiyekuja ardhi inakuwa ya serikali. Waliokuwa na karatasi, na lugha, na mtu wa kuwasemea, walikwenda. Wengi hawakujua hata kwamba kuna mahali pa kwenda. Ndo mana mpaka leo hapa kwetu utakuta mtaa mzima umejengwa, una misikiti una maduka una kizazi cha nne, na ardhi ina mwenyewe kwengine. Benki haikukopeshi kwa nyumba kama hio. Ghorofa huruhusiwi ovyo. Na mwenye ardhi akiamua kuuza kwa mtu wa maghorofa, yale mazungumzo yanakuwa mengine. Kuna watu kwa kundi letu wametoka Nairobi walikuwa wameganda, hawajawahi kusikia kwamba nyumba na ardhi zaweza kuwa na wenyewe tofauti, na sisi wa hapa tuliganda vilevile ila kwa sababu nyengine, kila mtu alikuwa anawaza nyumba ya nyanyake.

Tulitoka hapo tukazunguka, duka la mkaa, mafundi wa vitanda, mwenye dele la kahawa anagonga vikombe vyake, mwanzo wa siku kabisa, kahawa tungu na kashata ya nazi. Hapo mtu anasimama anasikiliza, hakuna anaemwambia twende twende. Ile ya Majengo niliirudia walipoirudia, na bibi alitukumbuka, akamuuliza mzee wa Tudor, umepata wa kuninunulia? Watu wakacheka lakini cheko zilikuwa fupi.

Ya Kongowea mpaka Bondeni kwa miguu nayo ni nzuri kama una nguvu. Mnaanzia Kengeleni, pale pale kwa kelele za matatu na bodaboda, wengi tunapita tukiwa tumeangalia simu, na ile kengele iko pale pale kwa mnara wake. Hapo ndipo Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari Waingereza wa CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, kikapewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyepinga biashara ya watumwa, na baadhi ya waliokuja kuishi pale walikuwa Waafrika waliolelewa India, ndo wakaitwa Wabombay. Kengele ilikuwa ya kuwaonya watu wakija wa kuwateka tena. Mwenyeji siku hio alikuwa mzee wa ukoo wa hapo hapo, kanzu hana, ana suti ya kanisani manake kutoka hapo anaenda ibadani, na alichokazania si utumwa, alikazania ardhi ya Freretown imeishia wapi na makaburi ya wazee wake yamebanwa na nini. Ardhi tena. Ukiyafuata haya matembezi miezi kadhaa utaona kila mtaa una mlango wake lakini wote huishia chumba kimoja.

Alafu soko la Kongowea, hapo shikeni mikoba, na viatu vya kufunika vidole tafadhali, maganda ya kabeji na matope yako mpaka kwa kifundo cha mguu kama kumenyesha. Mwisho ni daraja la Nyali kwa miguu. Nishalivuka kwa gari maisha yangu yote, kwa miguu ni kitu chengine, upepo unapeperusha buibui, malori yakipita, chini ya nyayo panatetemeka, na upande mmoja waona Tudor yote na upande wa pili Mji wa Kale umeinama kuangalia maji. Mzee akatuonyesha kule chini lilikokuwa daraja la kuelea la 1931, kabla hili halijafunguliwa 1980. Kama waogopa urefu mwambie kijana mapema akupandishe tuktuk, wanafanya hivyo bila kukucheka.

Ya Ramadhani usiku baada ya taraweh sitaisifu sana hapa manake itajaa. Ni viazi karai, mkate wa sinia, watoto wako macho, nenda tu.

Sasa malalamiko, na haya nimewaambia wenyewe kwa grupu kwa hivyo si kusengenya.

Saa moja yao ni saa moja na nusu, na ikifika saa mbili bado mwangoja mtu mmoja ambaye anasema yuko kwa kona. Kwa mji wenye jua hili nusu saa ya asubuhi ni mali. Mtu wa Likoni ameamka alfajiri akapanda feri akafika kwa wakati, yule wa Ganjoni ndo anangojwa. Ondokeni, atawakuta.

Choo. Kina mama twaelewana hapa. Masaa mawili na nusu na hakuna mpango wowote, siku moja tuliomba msikiti upande wa wanawake ukawa umefungwa, tukaishia kwa mama mmoja mkarimu tusiyemjua tukapanga foleni uani kwake watu wengi, aibu. Wapange na mwenyeji mapema, wamlipe kitu chake, na maji ya mtungi wamnunulie.

Picha. Kanuni yao ni omba kwanza, imeandikwa kwa kila tangazo, lakini video moja ilipofanya vizuri TikTok likaja wimbi la watu ambao matembezi kwao ni kutafuta mandhari, na nimeona kwa macho yangu mwanamume mzima ananyanyua simu ndani ya ua wa watu ambako wanawake wako vichwa wazi wanaosha vyombo. Kijana wa spika alimfuata akamwambia afute, nampa heko kwa hilo, lakini kundi likizidi watu arubaini hawezi kuwaona wote. Waweke kikomo. Wamesema watakiweka, bado sijakiona.

Na mwenye kiti cha magurudumu ama mtoto wa kusukumwa kwa kigari, Mji wa Kale na Kongowea sahau kabisa, vichochoro na mitaro iliyo wazi. Ya Kizingo na Mama Ngina ndio wanaipendekeza kwa hao, barabara tambarare tangu ilipotengenezwa upya 2019, kuna mibuyu, kuna muhogo wa kukaanga na pilipili na ndimu, kuna madafu. Kihistoria wanaikimbiza mno, mnara wa Mbaraki walituonyesha kwa kidole tu kwa mbali siku nliyoenda, lakini kwa familia ni safi.

Usalama, kwa vile kila mtu auliza: sijaona tatizo, na sababu si ulinzi, sababu ni kwamba mwenyeji akiwa mbele anasalimia kila baraza, sabalkheri huku, hujambo mama fulani kule, hakuna kijana atawasumbua wageni wa bibi yake. Vito acha nyumbani hata hivyo. Maji beba yako, kofia ama mtandio mwepesi, na chenji ndogo manake kahawa na viazi hamlipi kwa noti ya elfu.

Kama ni mgeni wa Mombasa na una Jumapili moja tu, nenda Fort Jesus peke yako Jumamosi, ununue tiketi, uingie ndani kabisa, alafu Jumapili uwafuate hawa popote watakapokuwa wanaenda isipokuwa huko. Ratiba ya mwezi ujao imetoka, Jumapili ya kwanza ni Mikindani na ya pili Majengo, na ya Majengo bibi amesema anataka watu kumi na watano kwa awamu, wala si mmoja zaidi, kwa hivyo andikisha jina mapema.